Buibui wa Ghala la Pareto

Habari hiyo ilimkuta Tryphosa shambani, mikono imejaa maua ya pareto, na tangu siku hiyo haikumtoka kichwani. Jirani yake Persis alikuwa akichuma mstari wa pili. Bila hata kuinua uso, Persis alisema kwamba ng'ambo ya mto Gucha kuna mtoto wa kiume aliyeumwa na buibui mguuni, na kabla ugali haujaiva jikoni, mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Tryphosa aliacha kuchuma. Aliuliza ni mtoto wa nani. Persis hakujua. Aliuliza nani aliyemwambia. Persis alisema ni mwanamke anayeuza ndizi pale Ogembo, ambaye naye aliambiwa na shemeji yake, na huyo shemeji aliisikia njiani. Sasa huyo buibui alikuwa wa namna gani? Persis alijikuna shingo akasema buibui ni buibui tu, dada, ana miguu.

"Wale walichelewa," Persis akaongeza. "Mtu akiumwa, unafunga kamba juu ya jeraha, unakaza sana, kisha unachanja kwa wembe damu mbaya itoke. Ndivyo nilivyosikia."

Hayo yalikuwa huko Nyacheki, mwaka wa 1969. Mumewe Tryphosa, Nehemiah, alikuwa karani wa kupima pareto katika chama cha ushirika. Binti yao Nyamoita alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, naye alisoma darasa la tano. Katika boma hilo hilo aliishi mama yake Nehemiah, bibi kizee Nyamusi, ambaye Nyamoita alimwita Magokoro, yaani bibi, kama watoto wote wa Kigusii wanavyowaita bibi zao.

Tangu siku hiyo hapakuwa na raha katika boma lile. Kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto, Tryphosa alishika ufagio mrefu na kupiga pembe za dari. Masizi yaliangukia uji wa wimbi wa Magokoro, naye Magokoro akauliza kama sasa ni desturi ya watu waliosoma kula uji mweusi. Buibui wote wa nyumbani walikufa, hata wale wadogo wenye miguu mirefu kama nyuzi. Baada ya wiki mbili nzi wakajaa sebuleni na mbu wakajaa chumbani. Nehemiah alijipiga kofi shavuni, akatazama damu ya mbu kiganjani, akamwambia mkewe kwamba amewafukuza askari na sasa wezi wanaingia watakavyo.

Lakini aliyechoka kuliko wote alikuwa Nyamoita. Mara tatu kwa siku mama yake alimuuliza swali lile lile, kama hakuna kitu kilichomuuma. Aliulizwa akienda shule, akitoka shule, na akitoka kuteka maji. Siku moja alionekana na uvimbe mkononi. Kabla hajapata nafasi ya kusema neno, alijikuta akiburutwa maili tatu hadi zahanati. Bwana Obura, mhudumu wa zahanati ambaye watu wote walimwita daktari, alikuwa mtu mpole kutoka upande wa ziwa. Aliutazama ule uvimbe, akasema ni mbu. Wiki iliyofuata waliburutana tena, na safari hii lilikuwa jipu. Mwanamke mmoja aliyekaa kwenye benchi la wagonjwa alisema kwa sauti kwamba labda buibui wa mama huyu ana mabawa, na usiku huimba sikioni. Benchi zima likacheka.

Bwana Obura hakucheka. Alimwambia Tryphosa kwamba buibui wengi hawana neno na mtu, na kwamba siku atakapomwona yule wa kumwogopa, amlete katika chupa, ila asimshike kwa mkono. Tryphosa alisikia kicheko tu. Nyamoita naye alisikia kicheko, na kesho yake alikikuta shuleni kimemtangulia, maana mtoto wa mwanamke yule alisoma darasa lake. Kuanzia hapo walimwita Binti Buibui. Walipita nyuma yake wakitembeza vidole shingoni mwake.

Jioni moja Nyamoita alikaa karibu na Magokoro, akimenya ndizi kwa hasira.

"Magokoro, hata nikiumwa na chui, mama sitamwambia."

"Usimwambie," Magokoro akasema. "Chui mwenyewe atamsikia akija na ufagio, akimbie."

Wakacheka wote wawili, na neno hilo likapita kama mzaha. Lakini kwa Nyamoita halikuwa mzaha.

Basi Tryphosa akapata wazo, na wazo lenyewe lilionekana jema kabisa. Nyuma ya nyumba palikuwa na ghala la pareto, kijumba cha udongo chenye vichanja vya fito vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ambapo maua yaliyokaushwa juani yalihifadhiwa mvua ikinyesha. Msimu ulikuwa umekwisha na maua yote yalikuwa yameuzwa. Kilichobaki ni magunia matupu na vumbi la maua lenye harufu kali. Nehemiah alikuwa akisema kila mara, tena kwa majivuno ya mtu wa mizani, kwamba maua haya hupelekwa ng'ambo kutengeneza dawa ya kuua wadudu, na kwamba hakuna mdudu duniani anayeweza kukaa palipo na pareto. Tryphosa akajiambia, kama ni hivyo, kwa nini nguo zetu zikae ndani ya nyumba yenye nyufa, na kuna kijumba kizima kilichojaa dawa?

Akahamisha blanketi za akiba na nguo za Sabato, akazikunja vizuri juu ya vichanja. Hata Nehemiah alimsifu. Alisema kwamba kwa mara ya kwanza tangu habari za buibui zianze, mkewe amefanya jambo lenye akili. Kati ya nguo hizo ilikuwako shimizi mpya ya Nyamoita, nyeupe, yenye lesi pindoni. Tryphosa aliikunja chini kabisa, akamwambia binti yake asiiguse mpaka Sabato ya kumi na tatu.

Sabato ya kumi na tatu ni siku kubwa kwa watoto wa Waadventista. Kila robo ya mwaka watoto hujifunza fungu moja la kukariri kila juma, na Sabato ya mwisho husimama mbele ya kanisa na kuyasema yote kumi na matatu bila kutazama kitabu. Nyamoita alikuwa ameyashika yote. Aliyasema akichota maji, aliyasema akifua, mpaka Magokoro, ambaye hakujua kusoma, naye akayashika. Alitaka siku hiyo watu wamsikie, na wasahau lile jina la Binti Buibui.

Asubuhi ya Sabato hiyo aliingia ghalani kuvaa. Yaliyotokea humo Tryphosa aliyajua baadaye, kwa kinywa cha mtoto mwenyewe. Ndani mlikuwa na kiza kidogo. Nyamoita aliichomoa shimizi chini ya nguo nyingine. Ilikuwa imelala hapo majuma matano bila kuguswa. Hakuitikisa. Aliivaa haraka, na ilipopita pajani akasikia mchomo kama wa mwiba. Alipiga kofi juu ya kitambaa, kitu kikaanguka. Ni buibui wa rangi ya hudhurungi, si mkubwa, tumbo la mviringo kama punje ya njegere. Alianguka chali, na upande wa chini wa tumbo lake palikuwa na alama ya rangi ya chungwa iliyokolea. Kisha akajigeuza akakimbilia chini ya kichanja.

Wakati huo huo sauti ya mama yake ikasikika mlangoni. "Nyamoita, umetikisa nguo? Hakuna kitu kilichokuuma?"

Lilikuwa lile swali, tena siku ile. Kama angesema kipo, angeburutwa kwenda zahanati, benchi lingecheka, na mafungu kumi na matatu yangesemwa na watoto wengine.

"Hakuna, mama," akajibu.

Walikwenda kanisani kwa miguu, mwendo wa nusu saa. Tryphosa aliona mtoto anatembea taratibu, akamhimiza. Alidhani anaogopa kuchafua shimizi.

Nyamoita alisimama mbele pamoja na watoto wengine wawili. Mzee Okemwa, msimamizi wa Shule ya Sabato, alimpa nafasi ya kwanza. Mafungu matano ya mwanzo yalitoka vizuri, kama maji ya mfereji. La sita likatoka kwa kusitasita. Alipofika la saba, jasho lilikuwa likimtiririka usoni, na huko Nyacheki asubuhi hiyo watu walikuwa wamevaa sweta. La nane hakulimaliza. Mzee Okemwa, akidhani amesahau, alimnong'oneza neno linalofuata. Nyamoita alifumbata tumbo kwa mikono miwili. Mzee Okemwa akalirudia lile neno kwa sauti zaidi. Nyuma, watoto wakaanza kuchekeana.

Tryphosa aliona uso wake ukiwaka kwa haya. Upande wa wanaume, Nehemiah alimtupia jicho lililosema, huyo ni mtoto wako. Na jambo la ajabu ni hili: mwanamke aliyeona buibui miezi miwili katika kila ufa, katika kila uvimbe na kila jipu, saa hiyo hakumfikiria buibui hata kidogo. Alifikiria mapera. Jana yake alikuwa amemkuta Nyamoita chini ya mpera, na yale mapera yalikuwa mabichi. Akainuka, akamshika mtoto mkono, akamtoa nje mpaka nyuma ya jiko la kanisa.

"Nilikukataza mapera mabichi au sikukukataza?"

"Ni tumbo tu, mama," Nyamoita akasema, meno yakigongana.

Tryphosa akamgusa tumbo. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Miguu ya mtoto ilitetemeka. Hakuweza kusimama, na akiketishwa hakuweza kuketi. Alijikunja, akajinyoosha, akajikunja tena, na nguo yake mgongoni ilikuwa imelowa jasho.

Nehemiah alitoka, akauliza kuna nini. Nyamoita aligeuza uso ukutani asijibu. Baba akauliza tena, sasa kwa ukali, kwamba mtu akiulizwa na baba yake hutazama ukuta tangu lini? Lakini Nyamoita asingeweza kumwambia hata kama angetaka. Wagusii wana adabu yao iitwayo chinsoni, adabu ya haya kati ya mzazi na mtoto. Binti hamwonyeshi baba yake paja, wala hataji mambo ya huko mbele yake. Jeraha lilikuwa juu pajani. Hivyo mtoto alikuwa na milango miwili ya kusemea, na yote ilifungwa: mmoja kwa hasira yake juu ya mama, mwingine kwa heshima yake kwa baba.

Ni Magokoro aliyekuja na fimbo yake akamwambia Nehemiah arudi ndani akaimbe. Kati ya bibi na mjukuu hakuna chinsoni. Wao hutaniana watakavyo. Magokoro alichuchumaa kwa taabu, akaweka sikio mdomoni mwa mtoto. Kisha akainua pindo la shimizi. Pajani palikuwa na alama nyekundu ndogo kama kichwa cha sindano, na ngozi kuizunguka ililowa jasho. Basi. Hapakuwa na uvimbe wa maana wala damu.

"Ni buibui," Magokoro akamwambia mkwewe. "Na wewe umemuuliza maswali mpaka ukamfunga mdomo."

Persis alikuwa amefika tayari, maana Persis hakukosa kamwe kufika. Mkononi alikuwa na kamba ya mkonge aliyoifungua kwenye mzigo wa kuni za jiko. Alisema wasipoteze wakati, wafunge hapo juu, wakaze. Magokoro naye alifungua fundo la leso yake, na ndani ya leso mlikuwa na wembe wake wa kukatia kucha, umevikwa karatasi. Yule bibi alikuwa tayari kuchanja, maana ndivyo alivyofanyiwa yeye alipokuwa msichana na nyuki walipomvamia. Wanawake wengine wawili waliotoka kanisani wakamshika Nyamoita miguu.

Tryphosa alisimama katikati yao. Dawa aliyoisikia shambani ilikuwa mbele yake, kamba na wembe, na aliyeileta alikuwa na hakika kama mtu aliyeona kwa macho. Zahanati ilikuwa zaidi ya maili tatu, na huko kulikuwa na lile benchi.

Ndipo Nyamoita akasema kwa sauti ndogo, "Mama, usinipeleke zahanati. Watatucheka."

Neno hilo lilimkata Tryphosa kuliko wembe. Alijua sasa kwa nini mtoto alisema hakuna, na kwa nini alisema ni tumbo.

"Na wacheke," akasema. Kisha akamgeukia Persis. "Yule mtoto wa ng'ambo ya Gucha, ulimwona?"

"Mimi? Sikumwona."

"Ulimwona aliyemwona?"

Persis akaishusha ile kamba.

"Basi binti yangu hachanjwi kwa habari za sokoni," Tryphosa akasema, akaunyoosha mkono wake mbele ya Magokoro, kwa heshima, mpaka Magokoro akaweka wembe kiganjani mwake.

Alikuwa amesoma mpaka darasa la sita tu, lakini somo moja la afya lilikuwa limebaki kichwani: kila jeraha huanzia kwa sabuni na maji. Akaosha paja la mtoto kwa maji ya tangi la kanisa, akalowesha kitambaa kwa maji baridi, akakiweka pale palipouma. Halafu akamwita mumewe.

"Ameumwa na buibui. Usiulize wapi. Leta baiskeli."

Nehemiah alivuta pumzi ndefu. "Mama Nyamoita, nimechoka na buibui."

"Mimi pia nimechoka nao. Leta baiskeli."

Walimkalisha Nyamoita nyuma ya baiskeli. Nehemiah aliisukuma, Tryphosa akamshikilia mtoto asianguke. Njia ya zahanati ilipita karibu na boma lao, na hapo Tryphosa akakumbuka maneno ya Bwana Obura kuhusu chupa. Akamwambia Nehemiah asisimame, aendelee, atamkuta mbele. Nehemiah alinung'unika kwamba hata sasa anakwenda kumtafuta buibui, lakini hakusimama.

Ghalani, Tryphosa aliinua kichanja cha chini kwa fito. Chini yake palikuwa na utando, nao haukuwa wa mviringo mzuri kama wa buibui wa bustanini. Ulikuwa ovyo ovyo, nyuzi zimekwenda huku na huku, na ngumu, mpaka zikalia zilipokatika. Vifuko vitatu vya mayai vilining'inia humo, kila kimoja mviringo, chenye vinundu kama miiba midogo. Kando yake alikaa mwenyewe, hudhurungi, tumbo kama njegere. Tryphosa alimsukuma kwa kijiti mpaka akaingia ndani ya chupa tupu ya mafuta ya kujipaka, akafunga kifuniko. Miezi miwili aliwaua buibui mia, na huyu mmoja alikuwa amemjengea nyumba kwa mikono yake mwenyewe.

Zahanatini, mwanamume mmoja kwenye benchi alimtambua Tryphosa, akaanza kutabasamu. Alipomwona mtoto alivyojikunja, tabasamu likafa. Benchi zima liliinuka likawapisha.

Bwana Obura aliipokea chupa, akaigeuza juani, akaitazama ile alama ya chungwa tumboni mwa buibui. Kisha akagusa tumbo la Nyamoita. Aliuliza ameumwa saa ngapi, na Nyamoita mwenyewe akajibu, kabla ya kanisa, wakati wa kuvaa. Aliuliza kama wamefunga au kuchanja. Tryphosa akasema hapana, wameosha tu. Bwana Obura akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda kutayarisha sindano ya kutuliza maumivu na kulegeza misuli. Aliwaeleza kwamba mtu mzima akiumwa na huyu mara nyingi huumia sana kisha akapona, lakini mwili wa mtoto ni mdogo na sumu ni ile ile, kwa hiyo mtoto atalala hapo akiangaliwa. Kama hali ingezidi, angepelekwa hospitali ya Kisii kwa gari.

Haikuzidi. Kufikia alasiri tumbo lilianza kulegea, na Nyamoita akaomba maji. Nehemiah, ambaye alikuwa amekaa nje akichora mistari mchangani, alifuta macho kwa mkono wa koti, akasema ni vumbi.

Kesho yake Magokoro alifika na kibuyu cha uji, naye Persis akafuata nyuma. Tryphosa alikuwa na swali. Alimuuliza Bwana Obura imekuwaje buibui akaishi katikati ya pareto. Bwana Obura alimtazama Nehemiah, karani wa mizani, naye Nehemiah akatazama viatu vyake. Kiwandani, Bwana Obura alisema, dawa hukamuliwa kutoka katika maua mengi, tena yaliyokaushwa karibuni, nguvu yake ikiwa bado imo. Vumbi lililobaki ghalani msimu mzima hupungua nguvu siku hadi siku. Buibui hutafuta mahali penye kiza, pakavu, pasipoguswa. Ghala tupu lenye nguo zisizovaliwa ni kama kumwandikia barua ya kumkaribisha.

"Na yule mtoto wa ng'ambo ya Gucha?" Tryphosa akauliza. "Yule aliyekufa kabla ugali haujaiva."

"Hakufa," Bwana Obura akasema. "Nilimwona mwenyewe. Aliumwa Alhamisi, wakamfunga kamba ya mkonge mguuni, wakachanja, na kamba ile ikakaa mpaka Jumapili. Leo anatembelea gongo. Mama, kilichokula mguu ule si buibui. Ni kamba."

Persis akaketi sakafuni. Magokoro alimwomba Tryphosa ule wembe wa jana, akamkabidhi Bwana Obura ampe mtu mwenye kucha ndefu.

"Lakini sumu sikuiogopa sana kama kimya," Bwana Obura akaendelea, sasa akiongea na Nyamoita. "Mtoto akisema mapema, dawa inapata nafasi. Akificha, mimi natafuta tumboni, na ugonjwa uko pajani. Nawe mama, hofu isiyochagua ni kama mbwa anayebwekea kila mpita njia. Siku mwizi akija, nani atamsikiliza? Mjue adui, muwaache wengine."

Tryphosa aliinamisha kichwa. Kisha akammiminia Nyamoita uji.

Magokoro ndiye aliyemaliza. Aligonga fimbo yake sakafuni, akimwita mwanawe Nehemiah aje karibu na mlango asikie.

"Mjukuu wangu, chinsoni ni kwa ajili ya macho. Haikuwekwa kwa ajili ya masikio. Baba yako hatakiwi kuona, lakini kusikia anaweza. Ungemwambia, baba, nimeumwa, mwite mama au Magokoro, ungekuwa umevunja nini?"

"Hakuna, Magokoro," Nyamoita akasema.

"Na wewe, Nehemiah, mtoto akitazama ukuta usimuulize ukuta. Niite mimi."

Siku ya tatu walirudi nyumbani. Nguo zote zilitolewa ghalani kwa fito ndefu, zikatikiswa, zikaanikwa juani, na ghala likafagiliwa mpaka kwenye fito za chini. Buibui wa miguu mirefu wakaachwa waendelee na kazi yao darini, na mbu wakapungua. Sabato iliyofuata Mzee Okemwa alimruhusu Nyamoita asimame peke yake. Naye akasema mafungu yote kumi na matatu. Magokoro alikuwa akiyasema pamoja naye kwenye benchi la mbele, kwa sauti iliyosikika zaidi ya ya mtoto.

Jioni ya Jumapili Tryphosa alileta ubao wa zamani na kipande cha chaki. Yeye alitaja, Nyamoita akaandika, kisha wakautundika kwenye mlango wa ghala, mahali ambapo kila anayeingia lazima ausome. Uliandikwa hivi:

Usivae nguo, kiatu wala blanketi iliyokaa siku nyingi kabla ya kuitikisa nje.

Usitie mkono gizani, chini ya vichanja, magunia au kuni. Tumia fito.

Usidhani pareto inafukuza kila kitu.

Usimguse buibui mwenye alama nyekundu au ya chungwa tumboni, wala vifuko vyake vyenye vinundu.

Usiwaue buibui wa darini.

Ukiumwa, usifunge kamba.

Usichanje, usinyonye, usipake mafuta ya taa wala majivu. Osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, uende zahanati.

Usingoje mpaka tumbo liwe gumu na jasho likutoke.

Usimcheke aliyekuja kuuliza.

Usiulize swali moja mara tatu kwa siku. (Hili ni la mama.)

Usiseme ni tumbo, kama si tumbo.